Homa ya Mjomba Haingoji Kuche

Wageni huja Kinondo kutazama kaya, msitu wa jadi ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mimi huenda kumjulia hali mjomba wangu, mkulima mwenye saratani ya damu.

Tangu aanze dawa, nyumba ina sheria mpya. Humpi mkono mpaka unawe kwa sabuni. Maji ya kisima huchemshwa, wali wa kiporo haumhusu, na jembe limetundikwa.

"Mwanangu," aliniambia akicheka, "udongo nilioushika miaka yote, leo naambiwa niuogope!"

Ana haki ya kushangaa. Lakini dawa za saratani huangusha pia chembechembe nyeupe, yaani askari wa mwili. Mwaka 1966, Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kadiri askari hao wanavyopungua, ndivyo maambukizi yanavyozidi. Hapo hata bakteria ambao kwa mtu mzima wa afya si kitu hupata mwanya. Yuko Pseudomonas, mpenda majimaji. Yuko Bacillus cereus wa udongoni na wa wali uliolala: kwako wewe ni tumbo la siku moja, lakini kwa mgonjwa wa saratani ya damu aweza kuingia damuni, hata ubongoni.

Sasa, sisi watu wa Pwani tukisikia homa twasema malaria. Meza vidonge, lala, kesho tutaona. Kwa mgonjwa huyu, kesho ni mbali. Askari wakiwa haba, hata usaha hautungi. Huenda joto likawa dalili pekee, na vidonge vya kutuliza homa huificha.

Mwezi uliopita, saa nane za usiku, kipimajoto kilisoma nyuzi 38.4. Jirani akashauri wangoje kuche. Mkaza mjomba akakataa, akafungua fundo la leso lenye nauli, na gari likashika njia ya Msambweni. Hospitalini alipimwa malaria, akatolewa damu ya maabara, na papo hapo akatiwa antibiotiki mshipani. Jina la kijidudu lingefuata baadaye. Alirudi nyumbani siku ya kumi.

Msomaji, kama nyumbani kwako yuko mgonjwa wa namna hii, weka tayari kipimajoto, kadi yake ya hospitali, namba ya dereva na nauli. Joto likifika nyuzi 38, ondokeni. Madaktari hulenga kuanza dawa ndani ya saa moja. Msiimalize saa hiyo mkishauriana barazani.