Shukrani Wakati wa Dhiki

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Maneno haya yalionekana wazi huko Chepilat katika miezi ya Januari na Februari, mwaka 2008. Chepilat ni soko lililo kando ya barabara itokayo Sotik kwenda Kisii. Upande mmoja hukaa Wakipsigis, na upande wa pili, yaani Borabu, ni mashamba ya Wakisii. Nao ni majirani waliozoea kuuziana mahindi, maziwa na ndizi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ugomvi wa kura ulienea nchini hata watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha yao. Huko mpakani nyumba na maduka yalitiwa moto, na watu wa pande zote mbili wakakimbia.

Siku hizo palikuwa na mkulima mmoja, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye shamba lake la chai lilikuwa upande wa Sotik. Nyumba yake haikuguswa. Hata hivyo moyo wake ulijaa manung'uniko. Majani ya chai yakisha kuchumwa hayana budi kufika kiwandani upesi, la sivyo huharibika. Na magari hayakuweza kupita, maana njia zilikuwa zimezibwa. Basi michai ikaota ikapita kimo cha kuchumwa, na kila alipoitazama aliona karo ya watoto ikipotea. Maziwa nayo hayakuwa na mnunuzi.

Asubuhi moja alitoka mapema akasimama mlangoni. Umande ulikuwa juu ya michai, ukungu ulikuwa bado bondeni, na moshi ulikuwa ukipanda kutoka jikoni, ambako mkewe alikuwa akikoka moto. Watoto walikuwa wakigombea kibuyu cha mursik huku wakicheka. Mambo hayo aliyaona kila siku, wala hakuyahesabu kuwa kitu. Kisha akainua macho akatazama ng'ambo, kwa jirani yake Mkisii. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na kuta nyeusi tu. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Kongoi," yaani asante kwa lugha ya kwao.

Lakini neno hilo halikumpa raha. Alijiuliza, je, yafaa mtu kushukuru kwa kuwa moto umeiruka nyumba yake ukaangukia ya mwenzake? Shukrani ya namna hiyo ni nusu tu, tena ina aibu ndani yake. Jirani yule, usiku alipokimbia na jamaa yake, alikuwa amemletea ng'ombe mmoja mwenye mimba, asiyeweza kwenda mbio, akamwambia, "Ndugu yangu, nitunzie huyu mpaka nitakaporudi." Tangu hapo vijana watatu walikuwa wamekuja kumwuliza kwa nini anaficha mali ya adui, nao walimpa siku chache za kufikiri. Mkulima alikuwa ameanza kuwaza kwamba heri amtoe, apate kulala salama.

Asubuhi ile alikata shauri. Vijana waliporudi jioni aliwakaribisha vizuri, na mkewe akawapa mursik. Walipokwisha kunywa akawaambia, "Wanangu, ng'ombe huyu ni amana. Nikiila leo amana ya mtu huyu, kesho ni nani kati yenu atakayeniwekea kitu chake?" Walinung'unika, lakini walikuwa wamekwisha kunywa maziwa ya nyumba ile, wakaenda zao.

Tarehe 28 Februari 2008 Mheshimiwa Mwai Kibaki na Mheshimiwa Raila Odinga walitia sahihi mapatano huko Nairobi, mbele ya Bwana Kofi Annan. Amani haikurudi Chepilat kwa siku moja, lakini njia zilifunguka. Mkulima akatwaa panga akaikata michai yake iliyoota ovyo. Asiyejua kilimo akiona michai iliyokatwa hudhani shamba limeharibiwa. Lakini mchai huweka akiba ya chakula mizizini, na kwa akiba hiyo huchipua tena. Usio na akiba huweza kufa ukikatwa sana. Mvua za masika zilipokuja, machipukizi yalitokea, naye akaanza kuchuma tena majani mawili na chipukizi lake.

Baada ya miezi kadhaa jirani alirudi kutazama kiwanja chake. Alimkuta ng'ombe wake akila majani, na ndama kando yake. Watu hao wawili hawakusema mengi. Waliketi nje wakanywa chai, na kesho yake mkulima akavuka na panga lake kwenda kumsaidia kukata miti ya kujengea.

Basi anayetaka kujifunza kushukuru asingoje siku za raha. Aanze na vitu vilivyo mlangoni pake: mvua, udongo, moto wa jikoni, sauti za watoto. Hiyo ndiyo akiba ya mizizini. Lakini asiishie hapo. Ajuaye thamani ya moshi wa jikoni kwake, na aulinde moshi wa jikoni kwa jirani yake.