Waliodharauliwa Ndio Waliojenga

Kila kizazi cha wazee huwa na neno la kuwabezea vijana wake. Nchini Japani neno hilo lilikuwa "otaku". Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio alilitumia katika jarida moja kuwakejeli mashabiki wa katuni. Mwaka 1989 alikamatwa muuaji wa watoto ambaye chumbani mwake yalikutwa maelfu ya kanda za video. Kejeli ikageuka tuhuma, na mpenzi wa anime akatazamwa kama mhalifu mtarajiwa.

Mimi ninayefundisha vijana wa umri huohuo navutiwa zaidi na yale ambayo watuhumiwa hao walikuwa wamekwisha kuyajenga. Desemba 1975 kikundi kidogo kiliandaa jijini Tokyo soko la vijitabu vya katuni vilivyochorwa na kuchapishwa na mashabiki wenyewe. Walihudhuria watu wapatao 700. Soko hilo, Comiket, siku hizi huvuta mamia ya maelfu, na bado nguzo yake ni watu wa kujitolea. Tamthilia ya Gundam ilipokatizwa Januari 1980 kwa kukosa watazamaji, ni mashabiki walioifufua, hata ikatolewa upya kama filamu.

Huko Los Angeles, mwaka 1977, Fred Patten na wenzake walianzisha klabu ya kutazama katuni za Kijapani. Baadaye wanafunzi wa Marekani wakajifunza kuandika tafsiri chini ya picha, wakanakili kanda na kuzituma kwa posta. Wengi walijiwekea masharti: kutotafuta faida, na kuacha kusambaza pindi kampuni inaponunua haki. Sheria ya hakimiliki waliivunja, naam. Lakini hawakuishi bila maadili.

Mwaka 2013 Serikali ya Japani ilianzisha mfuko wa Cool Japan ili kuuza utamaduni wake ng'ambo, anime ikiwemo. Ilivuna shamba ambalo jamii ililicheka likilimwa. Wahenga walionya: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Sidai kwamba kila burudani ni elimu. Nasema kwamba kijana anayetafsiri, anayechapisha, anayepanga ukumbi na kugawana gharama na wenzake bila kuamriwa na yeyote, anajifunza uraia. Taifa linalomwita mpotevu kabla ya kumuuliza anafanya nini, litalazimika kununua kwa bei ghali kile alichokuwa akikitoa bure.