Injini ya gari kwenye ndege ya familia

Marekani, baba anaweza kujijengea ndege gereji kwake. Baadhi huchagua injini ya Mazda 13B, iliyotumika kwenye gari la RX-7. Haina pistoni wala valvu. Rota mbili za pembe tatu huzunguka ndani, hivyo vyuma vya kuharibika ni vichache. Lakini hutoa joto jingi, hula mafuta, na huhitaji gia ya kupunguza kasi ya propela.

Mama ana swali moja: je, ikizimika angani? Swali hilo halijibiwi kwa maneno. Injini isiyo na cheti cha ndege kwa kawaida hujaribiwa angani saa 40, bila abiria. Saa hizo zisifupishwe. Watoto wapunge mikono wakiwa chini.