Risasi ya Dubu

Nikisema kwamba niliwahi kufanya kazi kwenye kambi ya wawindaji wa dubu huko Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, swali la kwanza huwa la bunduki: ilikuwa kubwa kiasi gani? Watu wetu wamezoea habari za tembo na nyati, kwa hiyo hutarajia kusikia habari za mzinga. Nikitaja .30-30, risasi ambayo Winchester waliileta mwaka 1895, wengine hunitazama kana kwamba uzee umeninyang'anya kumbukumbu. Ninayo bado. Imepita zaidi ya miaka arobaini, na mambo ya kambi ile yamenikaa kichwani kwa sababu ndiyo yaliyonifumbulia maneno ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa kulipwa. Aliianza kazi hiyo Kibwezi akiwa kijana, akaiacha Mei 1977 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Bunduki alizozijua zilikuwa za wanyama wazito: .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, .458 Winchester ya mwaka 1956, na zile za mitutu miwili ambazo Waingereza walizitengeneza kwa ajili ya tembo. Alizisafisha, akazipaka mafuta, akazibeba juani kutwa nzima, lakini hata siku moja sikumsikia akizisifu kwa ukubwa. Alikuwa akiniambia, "Mpwa wangu, mnyama hafi kwa kishindo. Hufa kwa tundu, na tundu lazima liwe mahali pake."

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwaua mamia kwa bunduki nyembamba ya milimita 7, baada ya kuyapasua mafuvu yao ili ajue ubongo umekaa wapi. Kisha, kwa pumzi ile ile, alikuwa akisema kwamba kaliba kubwa iliwekwa na sheria kwa haki kabisa, maana mtu wa namna ya Bell hazaliwi kila mwaka. Tanzania mpaka leo, anayemfuata tembo au nyati haruhusiwi kwenda na kaliba iliyo chini ya .375. Kwa mjomba maneno hayo mawili yalikuwa kweli yote. Mimi, mtoto wa shule, nilishindwa kuona yanavyopatana.

Nilifika Orono, kwenye Chuo Kikuu cha Maine, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kusomea misitu. Likizo ilikuwa ndefu na nauli ya kurudi nyumbani haikuwapo. Mwalimu mmoja akaniunganisha na mzee mwenye kambi katika kaunti ya Aroostook, karibu na mpaka wa Kanada, penye misonobari isiyokwisha na vinamasi vya mierezi. Mzee huyo alikuwa kiongozi wa wawindaji mwenye leseni ya jimbo, na leseni hiyo watu wa Maine wanaiheshimu sana. Ilianza kutolewa mwaka 1897, na wa kwanza kuipata alikuwa mwanamke, Cornelia Crosby.

Kazi yangu ilikuwa ya mikono. Nilibeba chambo, yaani mikate iliyolala, vitobosha vya duka la mjini na molasi, nikavimwaga ndani ya mapipa msituni. Mwindaji alikaa juu ya ulingo, kama ule wa kulindia mtama, na pipa lilikuwa mbele yake mita ishirini au thelathini tu. Msimu wa chambo ulianza mwishoni mwa Agosti. Dubu alikuja jua likiwa linazama, na alikuja kimya kuliko nilivyodhani mnyama wa ukubwa ule anaweza.

Ukubwa wenyewe hauna budi kuelezwa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Dubu mweusi si yule wa kahawia wa Alaska. Dume aliyekomaa ana kilo 100 hadi 200, wachache huzidi. Jike ni mdogo zaidi. Ni uzito wa kuro, si wa nyati, na mifupa yake haihitaji risasi ya tembo. Ugumu wake uko kwingine. Ana manyoya mazito, na chini ya manyoya ana tabaka la mafuta ambalo amelijenga tangu kiangazi kwa ajili ya usingizi wa majira ya baridi. Tundu dogo huzibwa na mafuta hayo, damu hunywewa na manyoya, na dubu aliyepigwa vibaya aweza kwenda mita mia moja bila kudondosha hata tone. Naye hukimbilia kinamasi, mahali ambapo mtu huinama na kutambaa.

Kwa hiyo mzee alitaka matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, na la kutokea liwe chini, ili damu ishuke ardhini. Hicho ndicho kipimo alichokitumia kwa kila risasi iliyoletwa kambini. Yeye mwenyewe alikuwa na .35 Remington ya zamani, inayorusha kichwa cha gramu 13 kwa mwendo wa mita 630 hivi kwa sekunde. Ukiilinganisha na .30-06, ambayo kichwa chake cha gramu 11.7 hupita mita 800 kwa sekunde, inaonekana ya polepole. Lakini kwa mita ishirini na tano mwendo una faida gani? Kichwa kizito, kipana, chenye ncha ya risasi laini, hufunguka na kuendelea na safari mpaka upande wa pili. Wageni walioleta .30-30 aliwakubalia. Wenye .308, .270 na .30-06 aliwakubalia pia, hata mmoja aliyekuja na .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873. Swali lake halikuwa juu ya namba iliyochorwa kwenye ganda. Aliomba aoneshwe kichwa cha risasi, akakishika baina ya vidole, akauliza kimeundwaje.

Habari ya .30-06 ilitupa mazungumzo marefu. Mzee alimjua Theodore Roosevelt kama kijana wa Harvard aliyekuja Island Falls, humo humo Aroostook, mwaka 1878, akaongozwa msituni na Bill Sewall. Mimi nilimjua kama rais mstaafu aliyefika kwetu mwaka 1909 na msafara wa wapagazi, akiwa na Springfield ya .30-06 mkononi. Tulikaa barazani tukimwunganisha mtu yule, mzee kwa upande wake na mimi kwa upande wangu, mpaka taa ikazimwa.

Alifika mgeni mmoja na .300 Winchester Magnum mpya kabisa, darubini yake ikiwa ndefu kama ya mtu anayekwenda kupiga milimani. Teke la bunduki hiyo linazidi la .30-06 kwa robo hivi au zaidi. Kabla ya mtu yeyote kupanda ulingoni, mzee alimtaka apige ubao wa shabaha nyuma ya kambi. Risasi za mgeni zilitawanyika. Alilaumu darubini. Mzee akaichukua bunduki, akageuka, akajifanya anapakia, akamrudishia mtutu ukiwa mtupu. Mgeni alilenga, akavuta kifyatulio, pakasikika mlio mdogo wa chuma tu, na sote tulishuhudia ncha ya mtutu ikizama chini kiasi cha upana wa kiganja. Macho alikuwa ameyafumba. Mwili wake ulikuwa umeshajikunyata kabla ya teke.

Hakuna aliyecheka. Mzee alimpa .35 yake, akamkalisha pale kwenye benchi mpaka akaweza kuweka risasi tatu mahali panapofunikwa na kisahani cha chai. Jioni ya pili yake mgeni yule alipiga dubu mmoja, dume, na dubu akaanguka kabla hajafika kwenye miti. Nilipoyaona matundu mawili ubavuni mwake, maneno ya mjomba yalinijia, na hapo nikaelewa Bell na sheria ya .375 vinavyokaa pamoja. Mnyama mzito asiyesamehe anahitaji kaliba ya kumfikia ndani. Hiyo ni hesabu ya mwili wa mnyama. Lakini kuna hesabu ya pili, ya bega na macho ya mpigaji, na hiyo haibadiliki kwa kununua bunduki kubwa zaidi.

Usiku ninaoukumbuka kwa uchungu ni mwingine. Mwindaji mmoja alikuja na .243, bunduki nzuri ya kulungu, ikiwa na vichwa vyepesi vya kuwindia mbweha. Mzee alimwambia waziwazi kwamba vichwa hivyo vimeundwa vipasuke mara vinapogusa ngozi, akamwomba atumie bunduki ya kambi. Alikataa kwa adabu. Alisema yeye ni mlengaji mzuri, na kweli alikuwa mlengaji mzuri. Alimpiga dubu begani. Tulisikia mlio, tukaenda na karabai. Pale kwenye pipa palikuwa na manyoya tu. Tulitafuta kinamasini usiku kucha, mbu wakitula, mwindaji mwenyewe akitambaa mbele yetu bila kusema neno.

Tulimpata asubuhi, mbali, amekufa, na kwa dalili zote hakufa upesi. Usiku ulikuwa wa joto. Mafuta ya dubu hayaruhusu mwili upoe, na nyama ilikwisha haribika. Mzee alilipasua bega mbele yetu. Risasi ilikuwa imevunjika vipande vipande juu ya mfupa, na hakuna kipande kilichofika kwenye mapafu. Shabaha haikuwa na kosa lolote. Ndiyo sababu kisa hiki kinaniuma zaidi kuliko kile cha magnum: mlengaji hodari alisalitiwa na kichwa cha risasi alichokichagua mwenyewe dukani.

Tatizo hilo si geni. Mwaka 1946 John Nosler alimpiga kulungu mkubwa wa kaskazini, yule wanayemwita moose, huko British Columbia, na risasi zake zikapasuka kwenye ngozi iliyojaa matope bila kuingia ndani. Mwaka 1948 alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kusukuma mbele. Mzee alikuwa na sanduku la vichwa hivyo kwa ajili ya wageni wa .30-06, na baada ya usiku ule aliacha kumpandisha ulingoni mtu yeyote ambaye risasi zake hazikumridhisha.

Watu wa Maine wenyewe wamebishana sana juu ya uwindaji huu. Mwaka 2004, na tena 2014, wapiga kura waliulizwa kama chambo, mbwa na mitego vipigwe marufuku kwa dubu, na mara zote mbili walikataa. Mimi sina kura huko. Ninachoamini ni kwamba mtu aliyeachiwa ruhusa ya kumvuta mnyama kwa mikate mpaka mita ishirini hana udhuru wowote wa kumjeruhi.

Kwa hiyo anayeniuliza leo namjibu hivi. Chukua .308 au .30-06 yenye kichwa kigumu cha gramu 11 au zaidi. Kama ulingo uko karibu na bega lako halivumilii teke, .30-30 au .35 Remington inatosha kabisa. Vichwa vya mbweha viache nyumbani. Subiri mnyama akupe ubavu, mguu wa mbele ukiwa umetangulia, ulenge katikati ya kifua. Na kabla ya yote hayo, nenda kwenye ubao wa shabaha na mtu unayemwamini, umwombe akupe bunduki bila kukuambia kama ameipakia. Mtutu ukizama, tafuta bunduki ndogo.