Agosti Moja Ukambani, na Yale Niliyorudi Nayo

KWA miaka kumi na mmoja nimekuwa mke wa Mkamba, lakini nilikuwa sijawahi kulala Ukambani zaidi ya siku mbili mfululizo. Krismasi tulikuwa tukifika na mikate na sukari, tunasalimia wazee, kisha keshoye tunalikimbilia basi la Nairobi.

Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, nilichukua likizo yangu yote ya mwaka. Mimi na watoto wangu wawili tukapanda basi hadi Wote, makao makuu ya Makueni, na kutoka hapo matatu ya kwenda pande za Kathonzweni. Mume wangu alibaki kazini, ila alinituma jambo moja zito: nimshawishi mama yake, mjane wa miaka zaidi ya sabini na mwenye magoti mabovu, aje tukae naye mjini.

Msomaji, ujumbe huo niliushindwa. Lakini mwezi wenyewe haukupita bure.

Maji yaliyojificha

Asubuhi ya kwanza niliamka na kumkosa Mwaitu. Ndivyo ninavyomwita mama mkwe, kwa Kikamba. Nilimkuta mtoni. Nasema mto, ingawa sikuona hata tone. Palikuwa na mchanga mtupu, mweupe, na wanawake wameinama wakichimba kwa vibuyu na sahani.

Alichimba hadi mkono ukazama begani. Maji yakaanza kutiririka polepole shimoni, naye akayateka kikombe baada ya kikombe. Kujaza mtungi mmoja wa lita ishirini kulichukua karibu nusu saa. Binti yangu, ambaye kwetu Nairobi hupiga mswaki bomba likimwagika, alitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo nilimwona akinawa kwa kikombe.

Mawe na karai

Fundisho la pili lilinitoa malengelenge. Kijijini hapo kuna mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi ambacho Wakamba wamekuwa nacho tangu enzi za mababu. Agosti hiyo walikuwa wakijenga bwawa la mchanga.

Kazi yenyewe ni hivi. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, mahali penye mwamba chini. Mvua ikinyesha, mafuriko huja na mchanga na tope. Tope jepesi hupita juu ya ukuta, mchanga mzito hubaki. Misimu michache baadaye nyuma ya ukuta pamejaa mchanga, na katikati ya chembe zake mna maji: kiasi cha robo ya ujazo wake au hata zaidi. Jua haliyanyonyi kwa urahisi, na mbu hawapati pa kutagia.

Ndiyo sababu watu wa huku hukasirika waonapo malori yakizoa mchanga wa mto kwenda kujengea majumba mijini. Mchanga ukiisha, maji nayo yamekwenda. Mwaka wa 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuulinda.

Nilibeba mawe kwa karai siku sita. Siku ya kwanza wanawake walinicheka. Siku ya sita jina langu liliandikwa kwenye daftari la kikundi, na nikaonywa kwamba nikikosa kufika nitatozwa faini kama wengine. Sijawahi kufurahia onyo kiasi hicho.

Chapati za Makindu

Jumamosi moja tulikwenda Makindu, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, kumbukumbu ya Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, kisha unakula. Halipishi mtu, na haliulizi dini yako. Tuliketi na dereva wa lori, jamaa ya Kihindi na mwanafunzi aliyekuwa safarini, sote tukila chapati na dengu. Mwanangu aliuliza pa kulipia mara tatu.

Jiwe la Nzambani

Kutoka Kibwezi sasa kuna lami hadi mjini Kitui, kupitia Ikutha na Mutomo. Unauvuka mto Athi na kuikabili nyanda ya Yatta, iliyotokana na mmiminiko wa volkeno wenye urefu wa karibu kilomita 300, mmojawapo wa mirefu zaidi duniani.

Karibu na mji wa Kitui limesimama jiwe la Nzambani. Wenyeji husimulia kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Mwanangu wa kiume alianza kwa mbwembwe, kisha dada yake alipoanza kuhesabu kwa sauti, akarudi mbio. Mimi naogopa kimo tangu utotoni. Hata hivyo nilizipanda ngazi za chuma, macho nimeyafumba nusu, hadi kileleni. Hilo nalihesabu ushindi.

Ni katika Kitui hii, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo mmishonari Johann Ludwig Krapf, mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona mlima wenye theluji ambao jina lake leo ni la nchi yetu. Wasomi wa Ulaya walimbishia. Kivoi hakuhitaji kuambiwa kwamba mlima upo.

Muthokoi na kiondo

Jioni Mwaitu alinifunza kutwanga muthokoi: mahindi hunyunyiziwa maji kidogo kinuni, yakatwangwa hadi maganda yatoke bila punje kuvunjika, kisha yakapikwa na mbaazi. Yangu ya kwanza yalitoka unga. Ya nne yaliliwa yakaisha.

Alinifunza pia kusokota katani kwenye paja na kuanza kiondo. Mwezi ulipoisha nilikuwa na kitako chake tu, sawa na sahani ndogo.

Usiku wa mwisho ndipo nilipomtolea ule ujumbe. Aliendelea kusokota, kisha akaniuliza, "Mwana wakwa, huko Nairobi nitakuwa kwenye daftari la nani?" Sikuwa na jibu. Nilimpigia mume wangu, nikamwambia tutume pesa za saruji badala ya nauli.

Novemba mvua ilinyesha. Mwaitu alipiga simu alfajiri, akipiga kelele juu ya ngurumo: mto umeshuka usiku, ukuta umesimama, na nyuma yake mchanga unamfika magotini. Yale yale magoti mabovu. Kisha akauliza kiondo changu kimefika wapi.