Kaktasi ya Krismasi ifuate Julai ya nyumbani

Kila Novemba, maduka makubwa ya Ulaya na Marekani hupanga vyungu vidogo vya mmea wenye pingili bapa za kijani zilizoinama pande zote, na kwenye ncha za pingili matumba mekundu, meupe au ya waridi. Kibandiko kinasema: kaktasi ya Krismasi. Wenzetu walioko huko huupiga picha, picha hufika nyumbani kwa simu, na swali hurudi papo hapo: wa kwetu mbona hautoi hata ua moja? Jibu linalotumwa mara nyingi ni maelekezo yaleyale ya kibandiko. Kuanzia Septemba uweke gizani, upunguzie maji, Desemba utachanua. Maelekezo hayo ni sahihi kule yalikoandikiwa. Kwa mtu wa Nairobi, Lushoto au Mbeya yanapoteza muda na mara nyingine yanaua mmea, kwa sababu nyumbani kalenda ya kaktasi hii ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, na kinachouzuia kuchanua mara nyingi ni taa ya kibarazani.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mmea mmoja. Kwetu neno kaktasi hubeba mengi: mpungate, ambao kweli ni kaktasi, lakini pia mnyaa wa uzio na ule mmea wa miiba wenye maua madogo mekundu unaopandwa kwenye makopo mbele ya nyumba. Hii miwili ya mwisho ni jamii nyingine kabisa. Ukiikwaruza hutoa utomvu mweupe kama maziwa, unaochoma macho vibaya, kwa hiyo nawa mikono kabla hujagusa uso. Kaktasi ya Krismasi haina maziwa hayo wala miiba ya kuchoma. Sasa shika pingili moja uitazame ukingoni. Ikiwa kingo zina meno yaliyochongoka kama ya msumeno, ua limekaa kwa kulala na chavua yake ni ya njano, hiyo ni Schlumbergera truncata, nayo ndiyo inayojaa madukani. Ikiwa kingo zimeviringika, ua linaning'inia na chavua ni ya rangi ya waridi iliyokolea, ni chotara wa zamani aliyepatikana Uingereza katika karne ya 19. Ya tatu, ya Pasaka, ina nywele fupi kwenye ncha ya pingili na ua lililofunguka kama nyota. Watu huziita zote kwa jina moja, halafu hushangaa yao inapochanua miezi kadhaa baada ya ya jirani.

Pingamizi la kwanza hulisikia kila mtu anayegusa mada hii: kaktasi ni mmea wa jangwani, uweke juani na usiuzoeze maji. Kwa mpungate sibishi. Lakini asili ya Schlumbergera ni misitu ya milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, karibu na Rio de Janeiro, ambako huota juu ya matawi ya miti na katika nyufa za miamba, mizizi ikiwa kwenye konzi ya majani yaliyooza, ukungu ukipita juu yake. Wala hatuhitaji kwenda Brazili kuamini kwamba kaktasi yaweza kuwa mmea wa msituni. Kaktasi pekee ambayo Afrika inayo kwa asili, Rhipsalis baccifera, nayo huning'inia kwenye miti ya misitu yetu ya Afrika Mashariki kama kamba nyembamba za kijani zenye vitunda vyeupe. Ndiyo maana jua la saa saba mchana huzigeuza pingili kuwa nyekundu na kuzikunja. Jua la asubuhi, au kivuli chepesi cha mwembe, hutosha. Na jina wanaloliita Wabrazili ni ushahidi ninaoupenda kuliko wote: ua la Mei. Huko, kusini mwa ikweta, Mei ndio mwezi ambao mchana unafupika na baridi inaingia. Mmea uleule ulipopelekwa kaskazini ukahamia Novemba na Desemba, kwa kuwa hali kama hiyo huko huja mwishoni mwa mwaka. Krismasi ni jina lililobandikwa baadaye.

Mmea wenyewe husoma vitu viwili, urefu wa usiku na ubaridi wake. Ukipata usiku wa saa 13 au zaidi mfululizo kwa wiki sita hivi, bila joto kali, huanza kuweka matumba. Usiku ukishuka kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi, huweka matumba hata kama giza si refu. Mjini London kazi kubwa hufanywa na giza: usiku wa Desemba hukaribia saa 16, wakati ule wa Juni hauzidi saa 8. Shida ya kule ni hita inayokausha hewa, na taa ya sebuleni inayowaka hadi usiku wa manane. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, usiku ni wa saa 12 mwaka mzima, pungufu au zaidi kwa dakika chache. Giza hilo peke yake liko mpakani mwa kutosha, na taa ya ulinzi ikiwashwa saa moja jioni hadi alfajiri, halipo tena. Kinachobaki kuuamsha mmea ni baridi, na baridi ya Nairobi, Lushoto na Mbeya huja Juni na Julai. Anayeufungia kabatini Septemba anaupeleka gizani wakati joto linapanda.

Atatokea wa kusema: mbona kwa shangazi kule Limuru unachanua kila mwaka na hajui habari za saa wala nyuzi? Naam, na hilo halipingani na nisemayo. Baridi ya Limuru inamfanyia kazi, na yamkini kibaraza chake hakina taa. Pingamizi la mtu wa pwani ni zito zaidi. Usiku wa Mombasa au Dar es Salaam hata Julai unazunguka nyuzi 20, na Desemba ni fukuto tupu. Huyo ajaribu katikati ya mwaka tu, akiufunika kwa boksi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, na asitarajie maua mengi. Akitaka maua bila tabu, waridi la jangwani linalostahimili joto lile litamfaa zaidi, ingawa si kaktasi na utomvu wake ni sumu.

Udongo nao usinakiliwe kutoka kaskazini. Huko hununua mifuko ya magome ya miti yaliyokatwakatwa. Kwetu makumbi ya nazi, majani yaliyooza, mchanga wa mto na vipande vya mkaa vinatosha, katika kopo lililotobolewa chini. Chomeka kidole hadi pingili ya kwanza ya kidole: pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha yamwage yaliyotuama. Matumba yakishatokea usiuhamishe, maana joto na mwanga vikibadilika ghafla huyadondosha yote. Maua yakiisha, upumzishe kwa maji machache, kisha zungusha kwa vidole kipande cha pingili mbili au tatu hadi kikatike, kiache kivulini siku mbili jeraha likauke, ukichomeke kwenye kopo jipya kabla ya mvua za vuli.