Namba 3 Ni Mjane, Namba 4 Ni Mtalaka

Wengi mnatuuliza kazi yetu ya takwimu ni kazi gani hasa, na inamhusu nini bibi harusi. Leo tunakujibuni kwa mfano mmoja.

Katika tafiti za kitaifa za afya ya uzazi, kama ule wa 2022, kila mwanamke anaulizwa hali yake ya ndoa. Jibu lake linahifadhiwa kwa namba, katika safu iitwayo V501: 0 hajawahi kuolewa, 1 ameolewa, 2 anaishi na mwanamume bila ndoa, 3 mjane, 4 mtalaka, 5 wametengana. Namba hazichukui nafasi na hazikosewi tahajia. Lakini hakuna anayeweza kusoma jadweli la namba tupu, kwa hivyo kazi yetu ni kuzirudishia majina.

Kwenye programu ya R tunatumia amri iitwayo factor. Tunaipa orodha mbili: ya namba, 0 hadi 5, na ya majina kwa mpangilio uleule. Kila namba inavaa jina lake.

Hatari ipo wakati wa kurudi. Mtu akiyageuza majina yale kuwa namba kwa as.numeric, R haimpi namba za mwanzo. Inampa nafasi ya kila jina kwenye orodha, na nafasi huanzia 1. Msichana aliyekuwa 0 anatoka 1, yaani ameolewa: kompyuta imemuozesha bila walii wala mahari! Mjane aliyekuwa 3 anatoka 4, mtalaka. Na wala R haitoi onyo.

Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na ana fungu lake katika mirathi ya mumewe. Mtalaka eda yake ina hesabu nyingine na haki zake ni nyingine. Msaada wa wajane ukipangwa kwa jadweli lililosogea hatua moja, utakwenda kutafuta watu wasiokuwepo, na wenyewe watabaki wamekaa majumbani.

Ndiyo maana hatufuti safu ya namba. Majina tunayaweka katika safu mpya, kisha tunazipanga zote mbili katika jadweli moja: kila namba lazima ikutane na jina moja tu. Ikikutana na mawili, tunasimama hapo hapo.

Basi dada, mdodosaji akibisha hodi, mjibu hali yako kama ilivyo, usione haya kwa ujane wala kwa talaka. Yeye ataandika namba. Kuhakikisha namba hiyo inasomeka kuwa wewe, hiyo ni amana yetu.

Tunakutakieni wiki yenye kheri, in shaa Allah.